Daftari la bibi na misalaba midogo pembeni ya majina ya watoto (Njombe, miaka ya 80). Wajuzi tusaidiane

#1 Mjukuu wa Nne

Wakuu, habari za saa hizi.

Bibi yetu mzaa mama alitutoka mwezi wa tatu, tukamzika kijijini kwake, Njombe vijijini, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka Makambako kama hakuna matope. Alizaa tisa, wakakua sita. Wajukuu tulianza kuhesabu pale msibani tukafika 41, tukaacha, maana mjomba mmoja hesabu yake ilikuwa inaleta ugomvi.

Sasa tunajengea kaburi, na kutakuwa na ibada. Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, sababu yenyewe eti "wewe ndiye unayeshinda kwenye simu". Nikasema sawa. Nikafungua sanduku lake la bati.

Humo kulikuwa na vitenge ambavyo hajawahi kuvivaa, Biblia, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, na kaunta buku tatu zimefungwa kwa kamba ya katani. Daftari la kwanza linaanzia 1984. Kila ukurasa una majina ya watoto, jina la mama, mwezi, kilo, na herufi: K, MV au N. Limeandikwa kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Hakuna kilichofutwa. Akikosea anakata kwa mstari mmoja na kuandika juu yake. La mwisho linaishia 2003.

Kwamba alikuwa anapima watoto tulijua, ile mizani yake ya kuning'iniza, yenye uso kama saa, bado iko kwenye kenchi ya jiko, nyeusi kwa moshi. Ila nilikuwa nadhani ni kitu cha mwaka mmoja au miwili. Kumbe ni karibu miaka 20!

Yanayonisumbua ni mawili. Moja, pembeni ya baadhi ya majina kuna msalaba mdogo. Sio mingi, kwenye daftari la kwanza nimehesabu 19. Ni ya nini? Pili, hakuwahi kuajiriwa. Mwanamke mwenye watoto sita na shamba la mahindi na ulezi, aliacha kazi zake na kuzunguka na mizani kwa faida gani? Nikiuliza nyumbani kila mtu ana jibu lake, na majibu hayafanani.

#2 Ngoja Waje

Pole mkuu. Nimekaa hapa na karanga zangu, waje wenye nchi yao.

#3 Kijana wa Uyole

Pole sana kaka. Kuhusu msalaba, jibu liko wazi, ni watoto waliofariki. Miaka ile surua ilikuwa inafagia nyumba nzima. Bibi alikuwa anaweka kumbukumbu. Hata kwenye madaftari ya ukoo wetu marehemu anawekewa msalaba.

#4 Mjukuu wa Nne

Kijana wa Uyole, hata mimi niliwaza hivyo usiku mzima, nikalala vibaya. Asubuhi nikampelekea mama mdogo lile daftari. Akasoma jina la tatu lenye msalaba, akacheka. Huyo mtu anaendesha bodaboda pale stendi ya Makambako, ana watoto watatu, na ndiye aliyenileta mimi kijijini juzi. Wengine wanne ametaja wako hai. Wawili kweli walifariki. Waliobaki hawakumbuki.

Kwa hiyo sio hiyo. Au sio hiyo peke yake.

#5 Ndaga Fijo

Huyo wa bodaboda kafufuka, ndiyo maana ana msalaba 😂

Samahani mkuu, ni utani. Pole kwa msiba.

#6 Nesi wa Zamani

Mwanangu, pole. Nimefanya kazi ya unesi mkoa wa Iringa kuanzia 1979, nimestaafu. Hilo daftari nalijua kama ninavyojua kiganja changu ingawa sijaliona.

Huo ulikuwa mradi wa lishe wa Iringa. Ulianza 1983, chini ya WHO na UNICEF wakishirikiana na serikali yetu, fedha zikitoka Italia. Ulianza na vijiji 168, baadaye ukaenea mkoa mzima. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka mitano wanaletwa, wanavalishwa ile kaptula ya kitambaa, wananing'inizwa kwenye mizani, kilio kinasikika hadi kijiji cha pili. Uzito unaandikwa kwenye kadi yenye rangi. Kijani ni mzima. Kijivu ana upungufu. Nyekundu ni hatari, huyo hasubiri miezi mitatu, anafuatwa nyumbani.

K ni kijani, N ni nyekundu. MV nadhani ni mvi. Kijivu nacho kinaanza na K, lazima atafute herufi nyingine. Huyo bibi alikuwa na akili.

Halafu matokeo hayakuishia kwenye daftari. Yalisomwa mbele ya kamati ya kijiji. Watoto wangapi wekundu, wangapi kijivu, na kwa nini. Baba wa mtoto mwekundu anaulizwa mahindi yameenda wapi. Kabla ya hapo utapiamlo ulionekana ni aibu ya mama peke yake au ni kurogwa. Pale ukawa jambo la mkutano.

Kila kijiji kilichagua wahudumu wa afya wawili, mwanamume na mwanamke. Bila shaka bibi yako alikuwa mmoja wao.

#7 Ngoja Waje

Shikamoo mama nesi. Uzi umeanza sasa.

#8 Mpenda Takwimu

Nyongeza kwa Nesi wa Zamani. Mradi huo unatajwa mpaka leo kwenye maandiko ya lishe ya dunia. Utapiamlo mkali kwa watoto wa vijiji vile ulikuwa karibu 6 kati ya 100 ulipoanza, ndani ya miaka mitano ukashuka chini ya 2. Na hiyo ni miaka ambayo sabuni na sukari ilikuwa ya kupangia foleni. Inashangaza kwamba mkoa wa Njombe uliweza haya ukiwa mchanga.

#9 Mzee wa Redio

Takwimu, umeanza vizuri ukamaliza vibaya. 1983 hakukuwa na mkoa wa Njombe. Njombe imekuwa mkoa 2012. Wakati huo Njombe, Makete, Ludewa na Mufindi zote zilikuwa wilaya za Iringa. Ndiyo maana mama nesi kasema "mkoa wa Iringa". Soma kabla ya kuandika.

#10 Mpenda Takwimu

Nimepokea mzee wangu. Kosa limeonekana.

#11 Binti Mafinga

MV mimi naona ni mvua. Siku za mvua watu hawaji kupima, anaandika MV. Bibi yangu alikuwa na kalenda ya duka ameandika MV kila siku iliyonyesha.

#12 Mjukuu wa Nne

Binti Mafinga, hapana, MV ina kilo pembeni yake. Kama ni mvua basi mtoto alipimwa kwenye mvua. Ila nakiri kuna kurasa mbili za Machi ambazo karibu zote ni MV, na Machi kule unajua mwenyewe.

#13 Nesi wa Zamani

Machi ni mwezi wa njaa, mwanangu. Ghala limeisha, mahindi mapya bado mabichi, na mama yuko shambani anapalilia kuanzia alfajiri. Mtoto anakula asubuhi na jioni tu. Ndiyo maana wanakuwa kijivu. Mvua na mvi vinakuja pamoja.

#14 Mzee wa Redio

Nirudi kwenye swali la pili la mleta uzi, maana vijana mnashangaa sana habari ya "kujitolea".

Hakuna aliyejitolea kama mnavyodhani. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio inatangaza, kila kijiji kina kikundi kinakaa chini ya mti kusikiliza, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, halafu mnakwenda kuchimba choo. Malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu, kila wiki somo lake. Watu karibu milioni 2 nchi nzima walikuwa kwenye vikundi. Mimi nilikuwa na miaka 16, nikawa msomaji wa kikundi kwa kuwa nilikuwa nimefika darasa la saba. Na usipochimba choo, faini! Halafu 1974 tukahamishiwa vijiji vya ujamaa, penda usipende. Katika hali hiyo mwenyekiti akikuambia "wewe mama utapima watoto", unamjibu nini?

Huyo bibi aliteuliwa. Kama alikuja kuipenda kazi, alhamdulillahi, lakini mlango alioingilia ni wa amri.

#15 Mama Wawili

Mzee wa Redio shikamoo. Nakubali kuhusu kuingia. Ila amri ya 1983 inamfanya mtu apime hadi 2003? Mwenyekiti yule alishakufa, chama kimoja kimekwisha, mradi umekwisha, wazungu wameondoka na magari yao. Nani alikuwa anamwamuru?

#16 Mzee wa Redio

Marahaba. Mazoea. Mazoea ni amri kubwa kuliko mwenyekiti.

#17 Ndaga Fijo

Kwetu Rungwe jibu ni kanisa. Wamoraviani wamefika tangu 1891, bibi yangu kazaliwa ndani ya kanisa, kakulia ndani ya kwaya. Kila Alhamisi akina mama wanapanga nani anaumwa, nani kajifungua, nani kafiwa, wanagawana. Mmoja anabeba kuni, mwingine ndizi, mwingine anakwenda kufua. Hakuna aliyeita kujitolea. Iliitwa "kwenda kuwaona watu". Mleta uzi, bibi alikuwa mtu wa kanisa? Kama ndiyo, msalaba ni msalaba tu. Ni watoto aliowaombea.

#18 Mjukuu wa Nne

Mlutheri wa kupindukia. Mchungaji akichelewa ibada anamuuliza saa mbele ya watu.

Hili la kuombewa mjomba mkubwa ndilo analoshikilia. Ila mama mdogo kapinga. Anasema bibi akiomba alikuwa anataja majina ya kijiji kizima mpaka watoto wanasinzia wakiwa wamepiga magoti, asingeweka alama kwa 19 tu.

#19 Kijana wa Uyole

Huenda waliobatizwa?

#20 Nesi wa Zamani

Nilidhani pia ni chanjo. Mpango wa chanjo ulianza nchini 1975, na wahudumu wengi waliweka alama kwa mtoto aliyemaliza surua. Lakini 19 ni wachache mno kwa daftari zima. Mwanangu, hao 19 wana herufi gani siku ya msalaba?

#21 Mjukuu wa Nne

Nimekaa nayo jioni hii. Kati ya 19, kumi na moja ni N. Watano ni MV. Watatu ni K, wazima kabisa, mmoja ana kilo 12 na miaka miwili. Ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

#22 Binti Mafinga

Waliopewa unga! Nawaambia. Wale wekundu na kijivu wamepewa unga wa kimea, na wale K watatu ni watoto wa mashoga zake 😂

#23 Mama Wawili

Binti Mafinga nimecheka lakini umegusa kitu. Kimea ndicho kilikuwa silaha ya akina bibi. Wadogo hamjui, niwaeleze.

Uji wa mtoto ukiwa mzito mtoto anashindwa kumeza. Ukiongeza maji unakuwa mwepesi lakini umemnywesha maji, tumbo lake dogo limejaa na hakuna kitu. Sasa chukua ulezi, loweka, uoteshe kama unavyootesha wa togwa au pombe, anika, saga. Kijiko kimoja cha huo unga ukikitia kwenye uji mzito uliopoa kidogo, unalainika wenyewe mbele ya macho yako, bila tone la maji. Mtoto anakunywa bakuli zima la chakula cha kweli. Wataalamu walipokuja kufundisha hilo, bibi zetu walicheka kwa sababu kimea walikuwa nacho kwenye chungu tangu enzi. Hawakuwahi tu kufikiria kumpa mtoto kitu cha wapika pombe.

Bibi yangu hakupima watoto, alikuwa mkunga wa jadi, malipo yake kuku, na mara nyingi hata kuku hakuwepo. Ila alikuwa haendi kwa mzazi bila kifuko cha kimea. Kwa nini? Nilimuuliza siku moja. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini anapumua, akaniambia nikachote maji.

#24 Kamwene Tu

Kamwene wakuu. Ulezi huohuo ndio tunaokosea adabu kwenye komoni, ile pombe ya nafaka. Mimi ni mtu wa ulanzi lakini, pombe ya mianzi, komoni inaniumiza kichwa.

#25 Ngoja Waje

Ulanzi mtogwa, ule mtamu, au mkangafu, ule mkali?

#26 Kamwene Tu

Asubuhi mtogwa, jioni mkangafu. Katikati hapo ni siri yangu na mke wangu.

#27 Mzee wa Redio

Turudini kwenye uzi. Watu wana msiba.

#28 Makete Damu

Nimesoma kimya tangu juzi. Nataka niseme jambo ambalo hamjaligusa.

Mleta uzi, umesema daftari ni tatu na la mwisho linaishia 2003. Umesoma la tatu? Maana Makete kwetu miaka ile ya 90 kwenda 2000, kuna kitu kilitokea. UKIMWI ulimaliza kizazi cha katikati. Wakabaki wazee na watoto. Mimi baba alikufa 1996, mama 1998. Bibi alitulea saba, wajukuu kutoka kwa watoto wake watatu. Na bado alikuwa anaamka saa kumi kwenda kumwogesha mgonjwa wa nyumba ya tatu ambaye ndugu zake walikuwa wanamwogopa. Hakuwa na glavu. Alikuwa anavaa mfuko wa nailoni uliokuwa na chumvi.

Hata baada ya dawa kuja takwimu bado zilituumiza. Utafiti wa 2011/12 Njombe ilikuwa ya kwanza nchini kwa asilimia 14.8. Nyuma ya hiyo namba wapo bibi kibao ambao hakuna mtu aliwahi kuwapa hata fulana.

Mnauliza kwa nini. Kwetu sisi kulikuwa hakuna mtu mwingine. Ndiyo sababu yenyewe.

#29 Mjukuu wa Nne

Makete Damu, pole sana ndugu yangu. Umenifanya nikalifungue tena.

La tatu nilikuwa nimelipitia juu juu kwa kuwa majina yamepungua. Kumbe kuanzia 1997 safu ya jina la mama imebadilika. Badala ya "mama fulani" anaandika "bibi fulani", "shangazi", "kaka yake". Ukurasa mmoja wa 2001, kati ya watoto 14, sita hawana mama wala baba kwenye safu. Hajaandika chochote kingine. Kabadilisha tu neno.

Na misalaba kwenye la tatu ni mingi kuliko ya la kwanza. 33.

#30 Makete Damu

Basi ni yatima.

#31 Mjukuu wa Nne

Nilitaka iwe hivyo, ingenirahisishia wasifu. Lakini yatima sita wa ukurasa ule, wenye msalaba ni wawili. Na yule wa bodaboda mwaka 1985 alikuwa na wazazi wote, mama yake yupo hai hadi leo anauza parachichi.

#32 Ndaga Fijo

Parachichi za Njombe mnazisifia sana. Njooni Rungwe mle parachichi.

#33 Kamwene Tu

Ninyi wa Tukuyu mvua ikikatika siku mbili mnaita ukame mnafanya maombi, mtatuambia nini kuhusu kilimo.

#34 Sauti ya Mwanamke

Niseme la kwangu japo litawaudhi wazee. Mnatafuta utakatifu au umaskini. Hamjafikiria kwamba huyu mama alikuwa anapenda madaraka?

Fikiria. Mwanamke wa kijijini, 1984. Mashamba ya mume, ng'ombe wa mume, kikao cha wanaume. Halafu unampa mizani na daftari. Ghafla anasimama mbele ya kamati na kusema "nyumba ya fulani ina mtoto mwekundu" na huyo fulani, mwanamume mwenye sauti, anainamisha kichwa. Mama nesi kasema mwenyewe pale juu (#6) baba anaulizwa mahindi yameenda wapi. Nani anauliza? Ni bibi! Mimi ningepima bure hadi 2003, na ningepima hadi leo.

Sisemi kwa ubaya. Ni heshima ambayo hakuna mahali pengine angeipata.

#35 Mama Wawili

Mimi sijaudhika. Bibi yangu mkunga alikuwa anatembea katikati ya barabara. Wanaume walikuwa wanampisha.

#36 Mjukuu wa Nne

Sauti ya Mwanamke, mama mkubwa kasoma hiyo #34 kwa sauti mbele ya watu wote, akasema "huyu alimfahamu mama". Mjomba kanuna.

Mama mkubwa kaongeza kwamba bibi hakupelekwa shule. Kaka zake walikwenda, yeye akabaki na mbuzi. Kusoma alijifunzia kisomo cha watu wazima, miaka ya 70, akiwa na mtoto mgongoni, jioni kwa taa ya kandili. Anasema daftari lilikuwa raha yake. Hata siku zisizo za kupima alikuwa analifungua analisoma kama gazeti.

#37 Mpenda Takwimu

Kwani alizaliwa mwaka gani? Wasifu unahitaji.

#38 Mjukuu wa Nne

Usinikumbushe. Kitambulisho kinasema 01/01/1930. Kadi ya kliniki ya uzee inasema 1936. Yeye alikuwa anasema "nilizaliwa mwaka wa nzige". Na kwamba fuvu la Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe, liliporudi kutoka Ujerumani alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni.

#39 Kijana wa Uyole

Fuvu la Mkwawa lilirudi 1945 baada ya vita. Kwa hiyo kazaliwa kama 1927 hivi.

#40 Mzee wa Redio

Umegeuza tarakimu kijana. Ni 1954, likapelekwa Kalenga. Kwa hiyo kama alikuwa na mtoto wa kwanza wakati huo na aliolewa akiwa na 17 au 18, ni 1935 au 1936. Kadi ya kliniki iko sawa. Ya tarehe 1 Januari hiyo achana nayo, nusu ya wazee wa nchi hii wamezaliwa Januari mosi, mimi nikiwemo.

#41 Mpenda Takwimu

Na nzige hawasaidii. Nzige wekundu walisumbua ukanda wetu wote kuanzia 1930 hadi 1944 hivi. Mwaka wa nzige unaweza kuwa wowote humo.

#42 Nesi wa Zamani

Andika "alizaliwa miaka ya thelathini". Mungu ataelewa, na mchonga jiwe atapunguza bei.

#43 Mtu wa Mradi

Jamani, niwe mchawi wa uzi huu. Nimefanya kazi mashirikani miaka 12. Hakuna bure. Wahudumu wale walitakiwa kulipwa posho ndogo na serikali ya kijiji, na kulikuwa na semina, kuna baiskeli, kuna vitenge. Mleta uzi umesema sandukuni kuna vitenge ambavyo hakuvivaa. Vilitoka wapi?

#44 Nesi wa Zamani

Mtu wa Mradi, kutakiwa kulipwa na kulipwa ni vitu viwili, wewe wa mashirika unajua. Kwenye vijiji vyangu sita, viwili vililipa kwa miezi michache, kimoja kilitoa debe la mahindi wakati wa mavuno, vitatu vilitoa makofi. Wengine waliacha, na sikuwalaumu. Semina ilikuwepo, siku kadhaa, ugali na maharage.

#45 Mjukuu wa Nne

Mjomba yule aliyenuna anakubaliana na Mtu wa Mradi. Anasema bibi alilipwa, yeye alikuwa mtoto akaona fedha. Mama mkubwa anasema hiyo ilikuwa fedha ya pareto. Wamebishana hadi chai ikapoa. Vitenge vingine vina picha ya chama, vingine mama mdogo anasema aliletewa na wazazi wa watoto, miaka mingi baadaye, watoto wakishakuwa wakubwa na kazi zao. Alikuwa anavipokea na kuvifungia.

#46 Mtu wa Mradi

Kwa hiyo alilipwa kwa vitenge. Nimemaliza.

#47 Sauti ya Mwanamke

Malipo ya baada ya miaka 25, ambayo hayavai. Mkuu una mradi wa namna hiyo tuombe kazi?

#48 Makete Damu

😂😂

#49 Mjukuu wa Nne

Wakuu, nina jipya kidogo. Leo yule wa bodaboda kanipitia, nikamwonyesha jina lake. Kalitazama sana. Nikamuuliza anajua nini kuhusu huo msalaba. Hajui. Lakini kasema mama yake anamwambiaga kwamba alipokuwa mchanga aliwahi kulala kwa bibi wiki mbili. Mama yake alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake Ludewa.

Nikaenda kwa yule mama mwuza parachichi. Anakumbuka, ila anasema ilikuwa mwezi mmoja.

#50 Mama Wawili

Eh! Basi ni waliolala kwake?

#51 Kijana wa Uyole

Watoto 19 kwenye nyumba moja na sita wa kwake? Hii sasa chai.

#52 Mjukuu wa Nne

Sio kwa wakati mmoja. Nimemuuliza mama yangu kwa simu, yuko Mbeya. Kasema, "Nyumbani kila mara kulikuwa na mtoto wa mtu, tulikuwa hatuulizi." Nikamtajia majina. Wanne anawakumbuka kulala, wawili ana hakika hawakuwahi kulala, na mmoja anasema huyo alikuwa analia sana ndiyo maana anamkumbuka, lakini hakumbuki alilala wapi.

Na wale wawili waliofariki, mmoja alifia mikononi mwa bibi. Hilo mama alisema halafu akakata simu. Alinipigia baadaye tukaongea mambo mengine.

#53 Nesi wa Zamani

Usimsukume mama yako.

#54 Mjukuu wa Nne

Ndiyo mama. Sijamuuliza tena.

#55 Ndaga Fijo

Mkuu kwenye wasifu utaandikaje sasa?

#56 Mjukuu wa Nne

Nimeandika: alipima watoto wa kijiji kuanzia 1984 hadi 2003. Alizaliwa miaka ya thelathini. Misalaba sijaiandika. Mchungaji kaomba daftari liwekwe mezani siku ya ibada, watu wapite watafute majina yao. Mjomba hataki, anasema kuna watu wana vyeo siku hizi hawatapenda kuonekana walikuwa N.

#57 Kamwene Tu

Mimi ningependa. Ningeifremu.

#58 Ngoja Waje

Na mizani je?

#59 Mjukuu wa Nne

Hapo ndipo kesi mpya ilipo. Mama mkubwa anaitaka, mama mdogo anaitaka, na mjomba tayari kaishusha anapimia maharage ya wafanyabiashara. Jana mteja kalalamika. Tukaijaribu na kilo moja ya sukari ya dukani, inasoma moja na robo.

#60 Mpenda Takwimu

Ngoja kwanza. Hiyo robo imeanza lini? Isije ikawa watoto wa 1986 walikuwa kijani kwa hisani ya mizani.

#61 Nesi wa Zamani

Takwimu, kaa chini. Mizani ile kila asubuhi unaitundika na kaptula yake tupu, unairudisha kwenye sifuri, ndipo unapima. Juu ya uso wake, karibu na ndoano, kuna kiskrubu. Huyo bibi asingepima bila kukigusa. Mwanangu, mjomba wako kakirudisha?

#62 Mjukuu wa Nne

Kipo kweli, nimekiona, kimejaa masizi. Mjomba anasema hakujua kama kinazunguka. Ngoja nitafute bisibisi.